Udi Una Tumbo, Flying V Ina Pikapu: Dhana Potofu Kuhusu Magitaa ya Maumbo ya Ajabu

Mpiga udi wa Lamu anajua kwamba sauti ya chombo chake imo tumboni. Vipande vyembamba vya mbao hupindwa vikaunganishwa kuwa bakuli, uso ukatetemeka, na hewa iliyo ndani ikaitikia. Gambusi nalo, lililochongwa kutoka gogo moja na kuwambwa ngozi, hulia kwa njia hiyo hiyo. Kwa hiyo mtu wa hapa akiona gitaa la umeme lenye umbo la mshale (kama Flying V ya kampuni ya Gibson), radi au mstatili, huuliza: "Hilo litalia vipi?" Swali ni la haki. Tatizo ni majibu yanayozunguka, maana mengine yameshawatoa watu pesa nyingi bure.

Dhana: "Umbo ndilo linaloleta ile sauti."

Hii ndiyo dhana iliyoota mizizi kuliko zote, na imetokana na udi wenyewe. Gitaa la umeme la mbao nzima halina tumbo. Chini ya nyuzi zake kuna pikapu, yaani sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba kwa maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitetemeka juu yake, umeme kidogo huzalika ndani ya waya, na umeme huo ndio unaokwenda kwenye amplifaya.

Jaribu mwenyewe. Chukua uzi mwembamba wa nailoni wa udi, uvute ukaze juu ya pikapu, kisha uudonoe. Hutasikia kitu kwenye spika. Sasa punguza sauti ya amplifaya, gusa chuma cha pikapu kwa ncha ya bisibisi, na spika itagonga papo hapo. Pikapu inasikia chuma. Bawa la gitaa hailioni.

Mbao na uzito vina mchango wao, lakini ukitaka kubadilisha sauti, anza na mambo haya. Mahali pa pikapu: karibu na daraja (kipande kinachoshika nyuzi mwilini mwa gitaa) sauti huwa kali na nyembamba, karibu na shingo huwa nene na ya mviringo. Urefu wa uzi kutoka kwenye nati (kipande chenye mikato ya nyuzi karibu na kichwa) hadi kwenye daraja: magitaa mengi ya kampuni ya Fender ni milimita 648, ya Gibson ni kama 628. Ukifunga nyuzi za unene ule ule kwa noti zile zile, kwenye Gibson zitalegea kwa takriban asilimia 6, ndiyo maana kidole huzipinda kwa urahisi zaidi. Halafu kimo cha pikapu: bonyeza uzi kwenye freti (kijiti cha chuma shingoni) ya mwisho, acha kama milimita 2 chini ya uzi mwembamba na 2.5 chini ya ule mnene. Ukiipandisha zaidi, sumaku huuvuta uzi, na noti za juu zikaanza kuyumba kana kwamba gitaa halijatuniwa. Wengi hukimbilia kubadilisha nyuzi, kumbe dawa ni kuzungusha skrubu mbili.

Dhana: "Ni vitu vya wapiga metali, ule muziki mzito wa roki, wa miaka ya 1980."

Gibson ilitoa Flying V na Explorer mwaka 1958. Hazikununuliwa sana: Flying V zilizotoka kiwandani mwaka huo na 1959 hazikufika 100. Mbao yake iliitwa korina, jina la kibiashara la mti wa limba unaoota Afrika Magharibi na ya Kati. Albert King alipiga blues kwa Flying V akiwa wa mkono wa kushoto, gitaa amelipindua na nyuzi hazikubadilishwa mpangilio. Bo Diddley naye alishika mstatili uliotengenezwa na Gretsch. Mpiga metali Randy Rhoads na fundi Grover Jackson walikuja baadaye, na V yao iliyopinda upande mmoja ndiyo iliyowafanya watu wadhani mambo yalianzia hapo.

Dhana: "Ukinunua lenye jina la msanii, umenunua lile analopiga jukwaani."

Unanunua muundo aliouidhinisha. Tazama JEM, gitaa la kampuni ya Ibanez lenye jina la mpiga gitaa Steve Vai, iliyotoka 1987: tundu la kushikia kwenye mwili, freti 24, na freti nne za mwisho zimechimbwa mbao kati yake ili kidole kisisuguane nayo. Mambo hayo ni ya kweli na yana kazi. Lakini toleo la bei nafuu lenye umbo na rangi zile zile mara nyingi limebadilishwa pikapu na daraja la kutikisika (lenye mkono wa kuyumbisha noti). Kabla ya kulipa, uliza majina ya sehemu hizo mbili. Tusilidharau toleo la chini. Gitaa zuri ni zuri. Ulipie tu kile kilichomo.

Bandia ni jambo jingine. Kwa Gibson, ondoa kile kifuniko kidogo kichwani. Halisi huwa na nati ya kukazia chuma kilicho ndani ya shingo, inayokazwa kwa spana ya inchi 5/16. Ukikuta tundu la ufunguo wa pembe sita, usitoe pesa.

Dhana: "Kubwa hivyo, lazima liwe zito na liangushe kichwa."

Flying V nyingi huwa karibu kilo 3, nyepesi kuliko Les Paul (gitaa jingine la Gibson) za kawaida. Kuanguka kwa kichwa hakuletwi na ukubwa. Gitaa huning'inia kwenye vifungo viwili vya mkanda. Kitovu cha uzito kikitoka nje ya vifungo hivyo kuelekea kichwani, shingo itashuka na mkono wa kushoto utageuka nguzo badala ya kupiga.

Anza na mkanda mpana wa ngozi, sentimita 7 hivi, upande wenye manyoya ukiwa begani. Usipotosha, hamisha kifungo, lakini kwanza funga kamba mahali unapopakusudia ulivae gitaa nusu saa. Ukiridhika, toboa kwa keekee ya milimita 2.5 au 3, pitisha skrubu kwenye sabuni ya mche, ndipo uikaze. Bila sabuni mbao kavu hupasuka, au skrubu hukatika ndani.

Wanaosema V haiwezi kupigwa mtu akiwa ameketi hawajaonyeshwa: bawa la chini hupita katikati ya mapaja, shingo ikainuka kama ya mpiga gitaa la klasiki.

Dhana: "Shingo ikivunjika, limekufa."

V ikiegemezwa ukutani kwa ncha zake mbili huteleza kwenye sakafu laini. Kichwa cha Gibson cha jadi kimelazwa nyuma digrii 17, na hapo hapo mbao imechimbwa kupisha nati ya chuma cha shingoni, ndipo panapokatika. Legeza nyuzi zote. Using'oe vibanzi. Sukuma gundi nyeupe ya seremala hadi ndani kwa sindano, funika kwa nailoni, bana kwa vibano, futa inayotoka, uache saa 24. Msimu wa masika acha 48. Ufa mrefu wa mshazari ukiungwa hivi hushika sana. Gundi kali ya haraka iache: haikupi muda wa kulinganisha, na fundi atakayefuata atahangaika kuitoa.

Dhana: "Chumvi ya bahari itakula gitaa."

Inakula chuma. Futa nyuzi kila ukimaliza kupiga, na kila mwezi tia tone la mafuta ya cherehani kwenye skrubu za daraja. Usisugue kutu kwa pamba ya chuma karibu na pikapu. Nywele zake hunasa kwenye sumaku.

Hatari kubwa zaidi ni kwenye boti, kutoka Mokowe au Manda, gitaa likiwa kwenye mfuko laini ambao ncha za V zinautoboa. Seremala wa Lamu anaweza kuunda sanduku la plaiwudi ya milimita 6 lenye sponji ya sentimita 4 ndani. Mwambie achonge sponji ishike shingo chini ya kichwa, na kichwa chenyewe kisiguse chochote. Likilowa njiani, lifungue lote usiku huo huo lipate upepo.