Mita zinapanda, sauti haisikiki: dhana potofu kuhusu sauti ya video

Dhana: Sauti ikinitosha masikioni, iko sawa.
Kitufe cha sauti cha kompyuta hakigusi faili. Ukikipandisha unasikia zaidi wewe tu. Video inatoka vile vile, na mtazamaji analazimika kuibana simu sikioni. Kiache mahali pamoja tangu mwanzo wa kazi hadi mwisho, kisha fuata mita, ile mistari ya programu ya kuhariri inayopanda na kushuka kwa sauti. Juu kabisa kuna 0 dB (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti), na hapo ndipo kikomo. Vilele vya sauti ya mzungumzaji, yaani pale inapopanda zaidi, vicheze kati ya -12 na -6; muziki ulio chini yake ushushwe mpaka kila neno lishikike bila kutega sikio.

Dhana: Sauti iliyopasuka hupona ikishushwa.
Inategemea ilipasukia wapi. Kama ni wakati wa kurekodi, vilele vya wimbi vimeshakatwa, na ukishusha utapata mkwaruzo ule ule kwa sauti ndogo. Kama kila klipu ni safi ila mita ya jumla inawaka nyekundu, treki (safu za sauti zinazocheza pamoja) zimejumlishana: mbili zinazofika -4 kila moja zinaweza kuvuka 0 zikikutana. Hiyo inatibika. Bonyeza S (solo, yaani isikike hiyo peke yake) kwenye treki moja moja, sikiliza, shusha inayozidi.

Dhana: Mita ya kushoto na ya kulia zikipanda sawa, hakuna tatizo.
Hapa ndipo video nyingi za harusi na ibada huharibika. Mpiga picha huchukua sauti kwenye tundu la XLR (plagi ya mviringo ya maikrofoni) la mixer, mashine ya kuchanganya sauti, na kuichomeka kwenye tundu dogo la stirio la kamera. XLR hubeba sauti moja kwa nyaya mbili, moja ikiwa imegeuzwa kinyume cha mwenzake. Waya usiofaa hupeleka moja kushoto, nyingine kulia. Mita zinapanda sawasawa. Kwenye hedifoni maneno yanasikika, ingawa yametanda pembeni, hayakai katikati. Icheze sasa kwenye simu yenye spika moja: pande mbili zinajumlishwa, zinafutana, mchungaji anafumbua mdomo na neno halitoki, huku muziki uliouweka wewe ukiendelea.

Dawa ni kubaki na upande mmoja. Kwenye programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve, bofya klipu kwa kitufe cha kulia, fungua Clip Attributes, kisha Audio, chagua Mono (sauti ya njia moja). Programu ya Premiere Pro ina efekti ya Fill Right with Left, inayojaza upande wa kulia kwa sauti ya kushoto. Tunasisitiza: usikabidhi kazi ya mtu kabla ya kuisikiliza kwa mono.

Dhana: YouTube itaipandisha yenyewe.
Usawazishaji wake wa kawaida hushusha video iliyozidi takriban -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kwa wastani wa video nzima). Iliyo chini huachwa chini. Runinga za Ulaya hufuata -23 LUFS ya EBU R 128, kanuni ya sauti ya umoja wa watangazaji wa Ulaya, kwa hiyo toleo la runinga likiwekwa mtandaoni jinsi lilivyo litasikika dogo. Toa faili mbili, na kila moja uipime kwa mita ya LUFS kutoka mwanzo hadi mwisho.