Hakimiliki, machapisho huria na akili mnemba: yasemwayo Ngamiani na yaliyomo kwenye sheria

Ukitaka kujua watu wa Tanga wanavyoielewa hakimiliki, simama kwenye steshenari yoyote ya Ngamiani mitihani inapokaribia. Kopi zinatoka, tasnifu zinafungwa, na kila mteja ni mwanasheria. Mengi yanayosemwa pale ni ya kukisia, na tangu akili mnemba iingie kwenye simu za wanafunzi, makisio yameongezeka.

“Sijasajili COSOTA, kwa hiyo sina haki.”

Unayo, hata kama jina lako halimo COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inakulinda kwa kule kutunga tu. Shairi uliloandika kwenye simu na kulirusha kwenye kundi la malenga la WhatsApp ni lako, lina muhuri au halina. Mkataba wa Berne wa 1886, ule wa kimataifa wa hakimiliki, ambao Tanzania ilijiunga nao 1994, unasema hivyohivyo: haki haingoji usajili. COSOTA inakufaa siku mtu anapolipachika shairi lako jina lake na wewe unatakiwa kuthibitisha. Ipo sehemu moja tu ambapo kutosajili kunauma kweli, na iko mbali na hapa. Nitaifikia.

“Imeandikwa huria, basi haina mwenyewe.”

Hili ndilo linalopotosha wengi, wasomi wakiwemo. Makala ya ufikiaji huria, kwa maana iliyowekwa na tamko la Budapest la 2002, inasomwa bila malipo, lakini mwenyewe yupo. Alichofanya ni kutoa ruhusa mapema kupitia leseni, na leseni hazifanani. Zinazotumika zaidi ni za Creative Commons, leseni zilizoandikwa tayari ambazo mwandishi huchagua inayomfaa na kuiweka kwenye kazi yake. Yenye alama BY peke yake inakuruhusu karibu kila kitu, hata kuuza, mradi umtaje mwandishi. Ikiongezwa NC, biashara imefungwa. Ikiongezwa ND, huruhusiwi kusambaza makala iliyobadilishwa, na kutafsiri ni kubadilisha. Yaani mwalimu anayeigeuza makala ya Kiingereza yenye ND kuwa ya Kiswahili na kuwagawia watu anahitaji kibali cha mwandishi, hata kama nia yake ni njema kiasi gani. Wanaoweka ND kwa kuogopa kuharibiwa kazi hawafikirii kwamba wameifungia nje lugha yetu, na mimi ningewaomba waiondoe.

Sasa je, steshenari inayotoza hela ya kopi inavunja NC? Wengi hudhani ndiyo. Mwanafunzi anakuja na flashi, anasema “nitolee hii”, analipia karatasi na wino, anaondoka. Kesi ya namna hiyo ilifika mahakama ya rufaa ya Marekani mwaka 2018: wilaya za shule zilikuwa zimewapa FedEx Office, maduka ya kudurufu, kazi ya kudurufu vitabu vyenye leseni ya NC, mchapishaji Great Minds akashtaki, akashindwa. Mahakama iliona kwamba mwenye kutumia leseni ni shule, na duka ni mkono wake tu. Uamuzi huo hauwabani mahakimu wetu, ila mantiki yake inaeleweka hata kwa mtu wa kaunta. Mambo yanageuka pale mwenye duka anapodurufu nakala mapema, akazitia jalada la plastiki na kuzipanga shelfuni zikingoja wateja. Hiyo ni biashara yake mwenyewe.

Kwamba majarida huria yote humtoza mwandishi pia si kweli. Mengi hayachukui hata senti. Linaloahidi kukuchapisha wiki hii ukituma hela, likimbie.

Na “nimetaja chanzo” haikusafishi. Kutaja jina ni sharti mojawapo, na ukidondoa kifungu kifupi kwa kiasi cha haki kunatosha. Kitabu kizima kikiwa na jina la mwandishi juu yake bado ni kitabu kizima ulichonakili bila ruhusa.

“Shaaban Robert ni wetu, tunamchapa tu.”

Kwa Tanzania Bara hoja hii ina nguvu. Sheria inalinda maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake; mzee wetu wa Vibambani alifariki 1962, hesabu ikaisha 2012. Lakini utangulizi na maelezo ya mhariri wa leo, au tafsiri mpya, ni kazi za watu wengine zenye muda wao. Halafu ukivuka mpaka hesabu inabadilika. Marekani, kwa vitabu vya zama zile, kinga yaweza kufika miaka 95 tangu kuchapishwa.

“Maelekezo ya akili mnemba niliandika mimi, kwa hiyo lililotoka ni langu.”

Inategemea uko wapi. Machi 2025 mahakama ya rufaa ya Washington ilimkatalia Stephen Thaler, aliyetaka mashine yake ya akili mnemba itambuliwe kuwa mtunzi wa picha. Miezi miwili kabla, Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilikuwa imesema maelekezo peke yake hayatoshi. Mahakama ya Intaneti ya Beijing, mwaka 2023, ilimpa haki mtengenezaji wa picha kwa sababu ya uchaguzi alioufanya mwenyewe. Sheria yetu ya 1999 haikuziwaza programu hizi. Kwa hiyo tunza rasimu zako: ulichoandika, ulichokata, ulivyopanga.

“Kufundisha mashine kwa vitabu vya watu ni wizi.” Au kinyume chake, “ni halali.”

Wote wawili wanakimbilia jibu. Juni 2025, katika kesi ya waandishi dhidi ya Anthropic, kampuni ya akili mnemba, Jaji William Alsup wa California aliona kufundishia mashine ni matumizi ya haki, yaani yasiyohitaji kibali cha mwenye kazi, ila kuweka hazina ya vitabu vilivyopakuliwa kwenye maktaba za maharamia sivyo. Kampuni ikakubali kulipa dola bilioni 1.5. Hapa ndipo kutosajili kunapouma: vitabu vilivyohesabiwa kwenye malipo ni vile vilivyosajiliwa Marekani. Mwandishi wa Tanga mwenye haki kamili kwa mujibu wa Berne, ambaye hakusajili kule, hakuwamo. Novemba mwaka huo mahakama ya Munich nayo ikaona kwamba OpenAI, kampuni yenye ChatGPT, imevunja hakimiliki, kwani modeli yake, yaani mashine iliyofundishwa, ilikuwa imehifadhi maneno ya nyimbo na kuyatoa yalivyo.

Kijana anayechukua beti za malenga kundini, akazibandika kwenye programu ya muziki na kupata taarabu kamili, husema mashine ndiyo iliyotunga, yeye hayumo. Yumo. Beti zina mwenyewe, kuzigeuza wimbo kunataka ruhusa yake, na mashine haiwezi kuiomba kwa niaba ya aliyebonyeza.