Pūtaiao sio mātauranga, jamani

Mara ya tatu mwezi huu naona mtu kaandika "pūtaiao ni sayansi ya kienyeji ya Wamaori", yaani wenyeji wa asili wa Nyuzilandi, na mwingine kajazia kwamba watoto wa kule wanafundishwa mizimu. Hapana. Pūtaiao ni somo la sayansi kwenye shule zinazofundisha kwa Kimaori, basi, mtoto anasoma seli na asidi kwa lugha yake. Mātauranga Māori ndo maarifa ya Wamaori wenyewe, yaliyokuwepo kabla hata meli ya Mzungu haijaonekana kule.

Maneno yenyewe yanajieleza. Mātau ni kujua, ukiongeza -ranga unapata jina, kama sisi tulivyotoa ujuzi kwenye kujua. Hilo la zamani. Pūtaiao limeundwa juzi juzi tu, pū ni chanzo au shina na taiao ni ulimwengu wa asili, na shida ilikuwa ya kweli maana chekechea za Kimaori, kōhanga reo, zilianza 1982, watoto wakakua, 1985 ikafunguliwa kura kaupapa ya kwanza, yaani shule inayofundisha kwa Kimaori, sasa mwalimu amesimama ubaoni, sayansi ataiitaje kwa Kimaori? Mtaala wa pūtaiao ukatoka 1996. Kompyuta nayo wanaiita rorohiko, roro ubongo, hiko umeme, na hiko ni ule wa radi na ule wa swichi, sawasawa na umeme wetu, hapo nilicheka peke yangu.

Kinachochanganya watu ni kwamba pūtaiao na mātauranga vinakutana darasani. Maramataka, kalenda yao ya mwezi, inakwambia usiku gani unafaa kwa uvuvi na upi wa kupanda, basi mwalimu anaanzia hapo mpaka anafika kwenye mvutano wa mwezi na bahari, na mvuvi wa Pemba anayehesabu bamvua angemuelewa haraka kuliko wengi wetu. Ila maramataka haijageuka pūtaiao kwa kuingia darasani. Wapo hata Wamaori wasiotaka mātauranga iitwe sayansi, na sio kwamba wanaidharau, ni kwamba ndani yake kuna na whakapapa, nasaba inayomuunganisha mtu na samaki na miti, na sayansi haina pa kuiweka.

Kwa hiyo somo ni pūtaiao, maarifa ni mātauranga. Na kile kistari juu ya a usikiache, ndugu yangu, matau bila kistari ni ndoana.