Mzee Anapoburuta Miguu, Pima Presha

Mzee akianza kuburuta kandambili sakafuni, nyumba nzima husikia, lakini hakuna anayeuliza. "Ni umri," tunasema. Akikawia kujibu salamu, akishindwa kuwahi choo, akitokwa machozi kwa jambo dogo, tunasema vilevile. Natibu magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu, na hakuna neno linalowachelewesha wagonjwa wangu kama hilo.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yake. Damu hupanda kwa mishipa mikubwa ya shingoni, kisha huingia katika vijishipa ambavyo vingi havifiki hata nusu milimita kwa upana. Vile vinavyolisha kina cha ubongo na shina lake, yaani sehemu ya chini inayouunganisha na uti wa mgongo, huchomoza moja kwa moja kutoka kwenye mshipa mkubwa, hivyo hupigwa na presha ikiwa bado na nguvu zake zote. Presha ikikaa juu miaka mingi, kuta za vijishipa hivyo hunenepa na kukakamaa, na njia ya damu hubana. Kisukari na sigara huzidisha. Kimoja kikiziba, hakuna kingine cha karibu cha kuziba pengo, na kieneo chake hufa, kikabaki kishimo. Daktari Charles Miller Fisher, aliyechunguza vishimo hivyo katika bongo za marehemu huko Boston miaka ya 1960, alikuta karibu wote waliokuwa navyo waliishi na presha.

Shina la ubongo lina urefu unaokaribia kidole cha kati, na humo ndimo zilimo kazi za kupumua, kumeza, kuzungusha macho na kuwa macho, pamoja na nyuzi zote ziendazo mikononi na miguuni. Ndiyo maana tobo dogo kuliko punje ya haragwe laweza kuupooza upande mzima wa mwili. Mengine hayapigi kelele. Yanajikusanya moja moja, na mzee anapungua polepole.

Zipo pia seli za shina hilo la ubongo zinazokufa bila mshipa kuziba. Seli nyeusi za sehemu yake ya juu zikipungua, huja ugonjwa wa Parkinson: mkono hutetemeka ukiwa umetulia, mara nyingi upande mmoja kwanza. Ugonjwa wa vijishipa hushika zaidi miguu. Mzee hupiga hatua fupi kama aliyegandishwa sakafuni, huku mikono yake ikifanya kazi vizuri. Tofauti hii ina maana kubwa, kwa kuwa dawa za Parkinson humsaidia kidogo mwenye tatizo la vijishipa. Na wapo wenye yote mawili.

Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwapima wazee wa miaka 70 na zaidi wakakuta karibu 7 kati ya 10 wana presha ya juu. Wengi hawakuwa wanajua. Hilo linaniuma, maana kipimo chake ni mkanda wa mkononi na dakika chache.

Kishimo kilichokwisha kutokea hakifutiki. Vinavyofuata ndivyo tunavyoweza kuvipunguza. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa walioshushiwa namba ya juu ya presha hadi chini ya 120, badala ya kuishia chini ya 140, walipata upungufu mdogo wa kumbukumbu na fikra kwa uchache zaidi. Lakini msikimbilie namba hiyo peke yenu. Mzee dhaifu akishushwa haraka huona kizunguzungu anaposimama, akaanguka na kuvunjika nyonga. Mwombeni mhudumu ampime akiwa amekaa, kisha akiwa amesimama. Na vidonge visiachwe kwa sababu presha "imekaa sawa", maana ni vidonge vilivyoikalisha.

Anayepaliwa na maji au chai kila mara, mketisheni wima, anywe kidogo kidogo, na daktari aambiwe. Mdomo ukipinda ghafla, mkono ukilegea au maneno yakigoma, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama amerudi sawa mkiwa njiani.