Kipindi cha Uzalendo Kipo, Wazazi Wangu

Juzi kwenye kikao cha wazazi hapa Moshi mzee mmoja alisimama akasema yale yale: vijana wa siku hizi hawana uzalendo kwa sababu shule zimeacha kufundisha siasa, turudishiwe kipindi chetu. Ukumbi ukapiga makofi. Nafundisha Uraia mwaka wa 19 sasa, na maneno hayo nimeyasikia msibani, kwenye daladala za Kiboriloni, hata kwa wakaguzi wanaokuja kupekua maandalio yangu ya somo. Leo nimechoka kunyamaza.

Shule hazijaacha. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 Elimu ya Siasa ikatoka, ikaingia Uraia. Shule za msingi wakapata Uraia na Maadili. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umeleta Historia ya Tanzania na Maadili, tena kwa Kiswahili hadi sekondari. Hayo tuyaache.

Baada ya kikao nilimfuata yule mzee, nikamwamkia, nikamuuliza alisoma wapi. Songea, akasema, bweni. Aliondoka Rombo mwaka 1975 na sanduku la bati na blanketi moja. Kwenye deka, kile kitanda cha ghorofa, alilala juu, chini yake kijana wa Kimakonde kutoka Newala. Kitanda cha pili alikuwapo Mchaga mwenzake wa Machame, ila Kirombo na Kimachame havisikilizani, kwa hiyo hata na ndugu yake wa mlima huo huo ilibidi waongee Kiswahili. Nikamuuliza anakumbuka nini kwenye somo la siasa. Akafikiri kidogo, akasema hakumbuki mada hata moja. Lakini yule wa Newala alikuja kumzika mama yake mwaka 1998, siku mbili ndani ya basi.

Hapo bwenini ndipo uzalendo wake ulipotengenezwa. Elimu ya Kujitegemea, waraka wa Nyerere kuhusu shule, ilitoka Machi 1967, mwezi mmoja tu baada ya Azimio la Arusha. Sheria ya Elimu ya 1969 ikaipa serikali shule za misheni, na serikali ikawa ndiyo inayoamua mtoto wa Rombo akalale wapi. Wanaoililia Elimu ya Siasa wanasahau kwamba mtaala ni pamoja na kitanda, foleni ya uji na lugha ya bwenini.

Nikifika hapa huwa nasitasita, maana mpango huo huo ulituumiza. Miaka ya 1970 nafasi za sekondari ziligawanywa kimkoa ili mikoa iliyonyimwa shule na mkoloni nayo ipate, na mtoto wa Kilimanjaro mwenye alama nzuri akabaki nyumbani kusaidia kwenye kihamba, shamba la migomba la ukoo. Wazazi na makanisa wakajenga shule zao wenyewe. Mgawanyo ule naukubali kwa haki yake, na machungu ya waliobaki nayakubali pia. Nimefundisha watoto wao, bado yanasimuliwa mezani. Hata shule za kata, hizi sekondari za kutwa za karibu na nyumbani, nazitetea kwa nguvu zote, kwa sababu zimewapa wasichana wengi sekondari ambayo mama zao hawakuiona. Ila mtoto anatembea kwenda shule na watoto wa kijiji chake na kurudi nao. Atakutana na wa Newala kidato cha 5, akifika.

Linalonikera zaidi ni kuchanganya uzalendo na uraia. Kuipenda nchi ni jambo moja; kuishi ndani yake ukijua lipi ni lako kuuliza ni jambo lingine. Mwanafunzi wangu wa kidato cha 2 aliandika kazi 5 za serikali ya kijiji bila kukosa. Nikamuuliza mkutano mkuu wa kijiji chenu ulikaa lini mara ya mwisho. Kimya, darasa zima. Mkutano huo kisheria hukaa kila baada ya miezi 3, na kila mkazi aliyefika miaka 18 ni mjumbe. Nikawatuma wakasome mapato na matumizi kwenye ubao wa matangazo wa kijiji. Binti mmoja akaulizwa pale ofisini, "Umetumwa na nani?" Wiki iliyofuata mzazi akaja kulalamika kwamba nawafundisha watoto siasa. Ndiyo hiyo hiyo wanayotaka irudi, mradi iwe ya kuimbwa mstarini.

Mtihani wa taifa hautaniuliza kuhusu ubao ule, na matokeo ya wanangu ni rizki yao. Kwa hiyo nikarudi kwenye "taja na eleza". Nilirudi, na sioni fahari. Yule binti hakuniacha. Alinisubiri mlangoni, daftari kifuani, akaniuliza: "Mwalimu, nikifika 18 nitaingia mkutanoni bila kutumwa?"

Nikamwambia ndiyo, na aende na bibi yake, maana bibi tayari ni mjumbe.