"Samaki wameadimika huku nje, nyinyi Kisite mwafuata nini?"

Swali hili nimeulizwa tena wiki jana kwenye foleni ya feri, Likoni, mitungi ya kupigia mbizi ikiwa miguuni pangu. Aliyeuliza ni mvuvi wa makamo, wala hakuwa na mzaha. "Mwanangu, huku tunakovua hapana kitu. Kule kumelindwa, samaki tele. Sasa wewe waenda kumpima mzima, mgonjwa wamwacha?" Nilikuwa nimechoka, nikamjibu ovyo. Ngoja nimjibu vizuri hapa, maana hii dhana ya kwamba utafiti wetu kwenye hifadhi ya bahari ya Kisite, pwani ya kusini ya Kenya, ni kuchoma mafuta ya boti bure imenichosha kuliko zote.

Fundi wa ukuta hutundika timazi. Hatundiki kwa kuwa uzi umepinda, hutundika apate kujua ukuta umepinda kiasi gani. Kisite, zile kilomita za mraba 28 kusini ya kisiwa cha Wasini ambako havuliwi hata samaki mmoja, ndiyo timazi yetu. Ukihesabu tafi na changu kwenye mwamba unaovuliwa kila siku utapata namba, sawa. Ni wengi au wachache? Kwa kulinganisha na nini, hadithi za babu?

Mchukue kikande, yule samaki mwenye mistari ya rangi ya chungwa. Chakula chake kimoja ni wale wanyama wa miiba wanaojichimbia vishimo mwambani, wenye meno matano ya kukwangua jiwe. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa miamba Tim McClanahan na Nyawira Muthiga wamekuwa wakilinganisha miamba ya hifadhi za Kenya na ile inayovuliwa, na njia yao mojawapo ni rahisi kama mchezo wa watoto. Unamtoboa mnyama wa miiba kwa sindano, unapitisha uzi wa mshipi, unamfunga mwambani, kesho yake unarudi. Penye hifadhi, mara nyingi unakuta uzi na vigae vya gamba. Panapovuliwa sana unamkuta palepale, mzima, akiendelea kukwangua. Wavuvi wamemmaliza kikande, wa miiba wakazaana, nao wakaanza kuumaliza mwamba wenyewe, ambao ndio nyumba ya tafi na changu wako. Ungevua huko nje miaka mia usingelijua hilo, maana hapana kikande wa kukuonyesha kilichopungua.

Kwa hiyo ukimkuta kikande ndani ya lema angali hai, mrudishe majini. Nimelisema hili kwenye mabanda ya samaki hadi vijana wakanibandika jina, Mama Kikande. Sawa tu, bora wamrudishe.

Dhana nyingine potofu nitazipitia haraka.

Eti kote Kisite-Mpunguti ni marufuku kuvua. Si kweli. Kisite ndiko marufuku; Mpunguti, eneo la jirani la kilomita za mraba 11, uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa. Juya, ule wavu wa kukokota, hapana, na juya halitakiwi popote.

Eti mtafiti hubeba atakacho. Mimi nahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na idhini ya KWS, shirika la wanyamapori, na nikiokota kipande cha tumbawe bila ruhusa nina kesi kama mtu mwingine yeyote.

Eti ndani ya hifadhi matumbawe hayaguswi na joto. Mwaka 1998, maji yalipochemka kwa El Niño, yalipauka ndani na nje, na mengi yakafa. Sheria haipozi bahari. Ila msinililie kila mnapoona tumbawe jeupe: kupauka si kufa. Limeutoa ule mwani mdogo unaoishi ndani yake na kulilisha, na maji yakipoa mapema mwani hurudi. Joto likidumu ndipo linakufa kwa njaa. Mwisho wa kaskazi, Machi na Aprili, ndipo mimi huwa silali.

Na wewe kondakta wa matatu ya Lunga Lunga, unayenipakilia mitungi huku ukiwapigia abiria kelele wasivute sigara kwa sababu ya "oksijeni": sigara wasivute, lakini humo mna hewa tu, hiihii ya Likoni, imeshindiliwa. Oksijeni tupu ningeivuta nikiwa chini zaidi ya mita 6 ingeweza kunitia kifafa mlemle majini.