Efa, Homeri na Pishi: Kugeuza Vipimo vya Nafaka vya Waebrania wa Kale

Swali ambalo wasomaji wa Biblia hutuuliza mara nyingi kuhusu vipimo vya kale ni efa moja ni sawa na lita ngapi. Majibu yake ni zaidi ya moja, na jibu kubwa linakaribia kuwa maradufu ya jibu dogo. Hata hivyo, uhusiano wa vipimo hivyo vyenyewe kwa vyenyewe unajulikana vizuri, kwa hiyo anayegeuza kipimo kimoja kuwa kingine amalize kwanza hesabu yake ndani ya mfumo wa Kiebrania, kisha aingize lita mwishoni kabisa, akitaja ni makadirio yapi aliyoyafuata.

Mhimili wa mfumo huo ni efa. Kutoka 16:36 inaeleza kwamba omeri, ambayo Biblia ya Kiswahili ya Union Version inaiita pishi, ni sehemu ya kumi ya efa. Ezekieli 45:11 inaongeza kwamba efa ni sehemu ya kumi ya homeri na kwamba ujazo wake ni sawa na wa bathi, kipimo cha mafuta na divai. Homeri moja, ambayo pia huitwa kori, ni efa 10, yaani omeri 100.

Kwa kushuka chini mambo hubadilika, maana efa hugawanywa pia kwa tatu na kwa sita. Efa moja ni sea 3, sea moja ni kabu 6, kabu moja ni logu 4, na kwa mapokeo ya marabi logu moja ni ujazo wa mayai 6 ya kuku. Efa basi ina kabu 18, logu 72 au mayai 432. Njia hizi mbili za kugawanya hazikutani kwa namba kamili: omeri moja ni kabu 1.8, logu 7.2 au mayai 43.2, na anayekadiria omeri kuwa kabu mbili ili kurahisisha kazi huongeza zaidi ya asilimia 10 bila kujua.

Desimali hizo zina ushahidi wake. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi, katika Eduyot 1:2, inahifadhi mjadala juu ya kiasi cha unga kinachomlazimu mtu kutenga sehemu ya kuhani: mwalimu Shamai alisema kabu moja, mwenzake Hileli kabu mbili, na wenye hekima wakaamua kabu moja na nusu; vipimo vilipoongezwa, wakasema robo tano za kabu. Talmudi, ambayo ni ufafanuzi wa Mishna, inaeleza kwamba vipimo viliongezwa mara mbili, hivi kwamba sea 6 za jangwani zilikuwa 5 za Yerusalemu, na sea 6 za Yerusalemu zikawa 5 za Sepphoris, mji wa Galilaya. Ukizidisha 1.25 kwa sita juu ya tano unapata 1.5, na ukirudia mara nyingine unapata 1.8, ambayo ni omeri kamili kwa kipimo cha jangwani. Ni hesabu nzuri kwelikweli, na inaonya kwamba kabu isiyotajwa mahali pake inaweza kupotosha kwa asilimia 44.

Msomaji wa Kiswahili ana mtego wake mwingine. Union Version inaita omeri pishi, na katika 2 Wafalme 6:25 inaita kabu kibaba. Kwa kuwa pishi ya pwani ya Afrika Mashariki ni vibaba vinne, ni rahisi kudhani kwamba omeri ni kabu nne, hali ni chini ya mbili. Robo ya kibaba inayotajwa wakati wa njaa ya Samaria ni logu moja, na ihesabiwe kwa uwiano wa Kiebrania.

Kuhusu lita, mwanaakiolojia W. F. Albright alikadiria bathi kuwa karibu lita 22 kutokana na vipande vya mitungi yenye maandishi vilivyochimbuliwa Lachish na Tell Beit Mirsim, miji ya kale ya Yuda. Mitungi hiyo ilikuwa imevunjika, kwa hiyo ujazo wake ulikisiwa. Yosefo, mwanahistoria wa karne ya 1, aliandika kwamba bathi ni xestai 72, ambazo kwa kipimo cha Kirumi ni kama lita 39. Wanaofuata kipimo cha mayai nao hawakubaliani: kwa Rabi Avraham Chaim Naeh efa inafika lita 24.9, na kwa rabi mwingine, Chazon Ish, karibu 43. Kwa masimulizi ya enzi ya wafalme tunapendelea lita 22, kwa sababu mitungi hiyo ni ya enzi hiyo yenyewe, ilhali Yosefo aliandika karne nyingi baadaye.

Mara nyingine lita hazihitajiki kabisa. Isaya 5:10 inaposema homeri ya mbegu itazaa efa moja, inatosha kujua kwamba mavuno ni sehemu ya kumi ya mbegu iliyopandwa. Kwa Ruthu, aliyeokota efa ya shayiri kwa siku moja, lita zina maana, kwa kuwa msomaji anataka kujua alibeba mzigo gani. Lita moja ya shayiri ina uzito wa takribani kilo 0.6, hivyo lita 22 ni kama kilo 13, na lita 39 zingekuwa zaidi ya kilo 23. Ngano ni nzito kuliko shayiri kwa ujazo uleule, kwa hiyo kilo hizo zisihamishiwe kwenye efa ya nafaka nyingine.